TAFUTENI KWANZA NYUMBA INAYOSTAHILI
Somo kwa waaminifu wanaosafiri kwenda Kinshasa



Kila mwaka wengi wetu tunaondoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemie na Kisangani kwenda Nkamba, Yerusalemu Mpya, kwa sikukuu za 6 Aprili, 25 Mei na 12 Oktoba. Njia ya wengi inapita Kinshasa, na huko watu wanalala usiku mmoja, mara mbili, pengine juma zima. Wengine wanafika Kinshasa kwa ajili ya masomo, matibabu, au kazi za parokia. Somo la leo linahusu jambo ambalo hatulifundishi mara nyingi: namna ya kuchagua kartie na hoteli katika mji mkubwa. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la dunia, halina nafasi katika mafundisho. Tutaona kwamba Bwana mwenyewe alilifundisha.

1. BWANA ALIAGIZA TUULIZE

Tufungue Mathayo sura ya 10. Katika aya ya 1 Yesu anawapa mitume Kumi na Wawili mamlaka juu ya pepo wachafu na juu ya magonjwa yote. Kisha katika aya ya 11 anawaambia watu hao hao kwamba wakiingia katika mji au kijiji, waulize kwanza ni nani anayestahili, na wakae kwake mpaka watakapoondoka.

Tuangalie vizuri agizo hili. Watu wenye uwezo wa kutoa pepo hawakuruhusiwa kulala mahali popote. Bwana hakusema nguvu yake itawalinda katika nyumba yoyote watakayoikuta mbele. Aliwataka watafute habari, wapime, ndipo waingie. Kuuliza ni sehemu ya utume wenyewe.

Basi tusidanganyike na maneno ya wale wanaosema kwamba anayeuliza habari za usalama ana imani haba. Katika Mathayo 4, Shetani alimshauri Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamshika. Yesu alikataa, maana kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Mtu anayeshuka kwenye ndege usiku, hajui anakokwenda, hana namba ya simu ya mtu yeyote, kisha anasema kwamba Mungu atamwongoza, anafuata shauri gani?

Hata katika historia ya kanisa letu tuna mfano. Tarehe 6 Juni 1921, administrateur Léon Morel alifika Nkamba na askari ili kumkamata Papa Simon Kimbangu. Papa aliondoka katikati yao. Hakukimbilia mahali popote tu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi alikaa upande wa Nsanda, katikati ya watu waliomwamini, nao wakaitunza siri. Serikali ya wakoloni ilimtafuta na haikumpata. Mwezi wa Septemba mwaka ule, saa yake ilipotimia, alirudi Nkamba kwa hiari yake, akakamatwa. Yeye aliyeponya wagonjwa hakudharau kuchagua watu wa kulala kwao. Sisi ni nani hata tudharau?

2. MLAWI WA WAAMUZI 19

Maandiko yanatupa pia mfano wa msafiri aliyechagua vibaya. Ni habari nzito, lakini viongozi wa misafara wanapaswa kuisoma.

Mlawi mmoja alikuwa anarudi kwake kutoka Bethlehemu pamoja na suria wake na mtumishi wake. Baba mkwe alimchelewesha kwa chakula na maneno mazuri, akaondoka siku ya tano jua likiwa limekwisha kuinama. Walipofika karibu na Yebusi, mtumishi alishauri walale hapo. Bwana wake alikataa kwa sababu ule ulikuwa mji wa wageni. Alitaka kulala kwa watu wa taifa lake. Wakaendelea mpaka Gibea ya Wabenyamini, jua likawatulia huko, wakakaa barabarani bila mtu wa kuwapokea. Mwishoni mzee mmoja aliwachukua nyumbani kwake. Usiku watu waovu wa mji wakaizingira nyumba. Mlawi alimsukuma suria wake nje, na asubuhi akamkuta ameanguka mlangoni, amekufa.

Tunaona makosa matatu. La kwanza, aliondoka akiwa amechelewa. La pili, alipima mji kwa kabila tu, akafikiri kwamba watu wa kwao hawawezi kumtendea mabaya. La tatu, hakuwa na mtu yeyote aliyemjulisha kabla kwamba anakuja.

Tuone pia jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha somo hili. Aliyechagua ni bwana, na aliyelipa ni mwanamke. Katika misafara yetu mambo ni hayo hayo. Anayechagua mahali pa kulala ni papa mkubwa wa kundi. Ana nguvu, ana sauti, akipita usiku watu wanamwogopa. Lakini atakayekwenda chooni usiku katika ua usio na taa ni binti wa kwaya. Atakayekimbia taratibu ni mama mzee mwenye maumivu ya magoti. Kwa hiyo kiongozi asijiulize, "Mimi ninaweza kulala hapa?" Ajiulize, "Yule aliye dhaifu kuliko wote katika kundi langu anaweza kulala hapa?"

3. TUUJUE MJI KABLA YA KUUINGIA

Kinshasa ina komini 24. Mtu akisema "ninakwenda Kinshasa," hajasema kitu. Aseme komini, kartie, avenyu na namba ya lupango.

Tusiseme kwamba kuna komini za wevi na komini za watakatifu. Katika kila komini kuna ndugu zetu wanaosali na kulea watoto. Kinachobadilika ni avenyu na saa. Avenyu ya lami yenye taa na maduka inaweza kuwa salama saa mbili ya usiku, na avenyu ya nyuma yake, umbali wa mwendo wa dakika tano, isiwe salama hata kidogo. Gombe ndiyo komini ya ofisi za serikali, balozi na benki. Polisi ni wengi huko, lakini bei za hoteli zinahesabiwa kwa dola na ziko juu. Matonge, katika komini ya Kalamu, inajulikana kwa muziki na baa mpaka usiku wa manane. Mtu wa amri zetu, asiyekunywa pombe wala kucheza dansi, hatapata usingizi pale, na atakapotoka nje usiku atakutana na walevi.

Kuna pia vijana wanaoitwa kuluna. Wanatembea kwa makundi, mara nyingi na mapanga, wakipora simu, mikoba na pesa. Serikali imewapiga vita mara nyingi, lakini hawajaisha. Tena mwaka 2024 habari zilienea Kinshasa za watu walioingia katika teksi ya pamoja na kukuta kwamba dereva na "abiria" ni kundi moja la wevi. Kwa hiyo teksi ya kwanza, ile ya kutoka uwanja wa ndege, ipangwe na parokia itakayokupokea. Mwenyeji akutumie jina la dereva na namba ya gari kabla hujapanda ndege. Ukifika, linganisha namba hiyo kwanza, ndipo uingize mizigo.

Wapendwa, tukumbuke saa. Saa ya Lubumbashi inatangulia ya Kinshasa kwa saa 1. Jua la Kinshasa linatua karibu saa kumi na mbili ya jioni mwaka mzima, na giza linakuja upesi. Uwanja wa ndege wa N'djili uko mbali na katikati ya mji, zaidi ya kilometa 20, na magari katika bulvari Lumumba yanaweza kusimama saa nyingi. Ndege ikitua saa kumi na moja ya jioni, utaingia kartie usiku. Ukiweza kuchagua, chukua ndege ya asubuhi. Usipoweza, lala usiku wa kwanza kwa mwenyeji au hoteli iliyo upande ule ule wa mji, uvuke kesho yake mchana. Mlawi hakufanya hivyo.

Tukumbuke pia lugha. Kinshasa inasema Kilingala. Sisi wa Kiswahili tukifungua kinywa tunajulikana mara moja kuwa wageni. Si dhambi kuwa mgeni, lakini si vizuri kutangaza. Usisimame njiani na valizi ukiuliza njia kwa sauti. Ingia dukani au kwenye duka la dawa, uulize kwa heshima, au mpigie mwenyeji wako simu azungumze na dereva.

4. MVUA, MITO NA MABONDE

Wengi wakisikia neno usalama wanafikiri wevi tu. Kinshasa maji yameua watu wengi. Usiku wa kuamkia 13 Desemba 2022, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi, hasa katika komini za Mont-Ngafula na Ngaliema. Zaidi ya watu 120 walikufa, na barabara kuu ya kwenda Kongo Central ilikatika upande wa Matadi-Kibala. Usiku wa kuamkia 5 Aprili 2025, mto N'djili ulijaa na kuingia katika kartie nyingi. Watu wasiopungua 33 walikufa, na njia ya uwanja wa ndege ilifungwa na maji. Angalieni tarehe: ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu ya 6 Aprili.

Sikukuu hiyo inaangukia katikati ya mvua. Ile ya 12 Oktoba inaangukia wakati mvua zinaanza tena. Kwa hiyo yeyote anayetafutia wasafiri nafasi aulize: nyumba iko bondeni karibu na mto, kama Ndanu katika Limete au Debonhomme katika Matete? Iko kwenye ukingo wa korongo la mchanga, kama sehemu nyingi za Mont-Ngafula? Wengi wetu tunapenda kulala upande wa Mont-Ngafula ili kutoka mapema kwenda Mbanza-Ngungu na Nkamba. Ni wazo zuri. Lakini nyumba iwe mbali na korongo, na mwenyeji aseme ukweli kama maji yalipita pale katika mvua zilizopita. Anayejua ni jirani na shefu wa kartie. Tangazo la hoteli halitakuambia.

5. MASWALI KWA HOTELI

Nafasi ya kwanza ya mwaminifu ni nyumba ya kanisa au ya ndugu. Lakini tusiwe mzigo. Mama mwenye vyumba viwili na watoto sita hatakataa kukupokea, maana ana upendo; wewe ndiwe unayepaswa kumhurumia. Pale nyumba za ndugu zinapokuwa zimejaa, hoteli si aibu. Msamaria mwema katika Luka 10:34-35 alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Alimkabidhi kwa mtu ambaye aliona anaweza kumwamini.

Kabla ya kulipa, mtu wa parokia ya Kinshasa aende kwa miguu aione hoteli, mara moja mchana na mara moja jioni. Aulize haya:

Kwanza, wanakodisha vyumba kwa saa? Kama ndiyo, hapo si mahali pa kwaya wala pa familia. Watu wanaingia na kutoka usiku kucha, na hakuna anayejua ni nani yuko ndani.

Pili, wanaandika jina na kitambulisho cha kila mgeni? Wasafiri wengi wanafurahi wasipoulizwa. Lakini hoteli isiyokuuliza wewe jina, haimuulizi mwizi pia.

Tatu, kuna mlinzi usiku, na lango linafungwa saa ngapi? Baa iko ndani ya ua huo huo, au ukuta kwa ukuta?

Nne, mlango wa chumba una komeo la ndani? Dirisha lenye vyuma linafunguka kwa ufunguo? Vyuma visivyofunguka vinazuia mwizi, lakini moto ukiwaka vinakuzuia na wewe. Njia ya pili ya kutokea iko wapi?

Tano, umeme wa SNEL ukikatika, kuna jenereta? Inazimwa saa ngapi? Imewekwa wapi? Moshi wa jenereta iliyo karibu na dirisha unaua watu usingizini bila kelele. Chumba cha namna hiyo ukikatae hata kama ni cha bure.

Sita, kuna choo ndani, maji, na chandarua? Malaria nayo ni mwizi.

Na mkifika, dada wawili wawili wapewe vyumba vya katikati, na papa na vijana wachukue vile vya karibu na lango. Asiitwe mtu kwa namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu. Amri yetu ya kutolala uchi, ambayo wengine wanaicheka, itakusaidia siku utakapoamshwa ghafla: uko tayari kutoka.

6. HESABU YA KWELI

Ndugu wengi wanachagua kwa bei ya kitanda. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kundi ni watu 12, vyumba 6, usiku 2. Hoteli ya kwanza ni dola 20 kwa chumba, jumla dola 240. Iko mbali, mwisho wa avenyu isiyo na taa. Hoteli ya pili ni dola 30, jumla dola 360. Iko kwenye lami, na parokia iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Tofauti inaonekana kuwa dola 120. Lakini wa hoteli ya kwanza watahitaji teksi 2 kwenda ibadani na 2 kurudi, kwa siku 2. Tukihesabu dola 10 kwa kila safari, tunapata dola 80. Tofauti ya kweli ni dola 40. Gawanyeni kwa watu 12: dola 3 na kitu kwa kila mmoja. Sasa kiongozi ajibu mbele ya wazazi wa wale mabinti: kwa ajili ya dola 3, utawarudisha saa tatu ya usiku katika avenyu isiyo na taa?

Kama kweli parokia haina hizo dola 40, basi tupunguze idadi ya wajumbe, au tuchange zaidi kabla ya kuondoka. Tusipunguze usalama wa wale waliokwisha kuondoka.

7. MATOLEO YA WENGINE

Kuna msafiri anayebeba zaidi ya nguo zake. Anabeba nsinsani ya parokia nzima. Ndani ya bahasha ile kuna pesa za mama muuza mboga, za mchimbaji, za mwanafunzi aliyekosa chakula cha mchana ili atoe. Pesa hizo zikiibiwa, aliyezibeba atalia, na kila aliyetoa atavunjika moyo. Pengine minong'ono itaanza: zimeibiwa kweli, au amekula?

Kwa hiyo anayebeba matoleo hana haki ya kujaribu bahati. Pale ambapo wakuu wanaruhusu, pesa zitumwe kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na karatasi itiwe sahihi na watu wawili. Kama ni lazima zibebwe mkononi, zigawanywe kwa watu watatu wasiolala chumba kimoja, na wengine wasijue ni nani. Zifike parokiani siku ile ile ya kuingia mjini, zisilale hotelini.

8. TUKIKUTA MAMBO SI KAMA TULIVYOAMBIWA

Inatokea. Picha zilionyesha ukuta mweupe, na mnafika mnakuta baa. Tukumbuke tena Mathayo 10: katika aya ya 14 Bwana anawaruhusu wanafunzi kuondoka mahali wasipopokelewa na kukung'uta mavumbi ya miguu yao. Msikae kwa sababu tu mmekwisha kulipa. Kama ni mchana, hameni, hata pesa zikipotea. Kama ni usiku, msizunguke mjini na mizigo. Fungeni mlango, kaeni wengi katika chumba kimoja, pigieni parokia simu, salini, na mapambazuko mwondoke.

Wapendwa, kanisa letu linasimama juu ya maneno matatu: upendo, amri na kazi. Tuyatie hata katika jambo hili. Upendo unamfanya kiongozi afikirie aliye dhaifu kabla ya kujifikiria mwenyewe. Amri zinatuonyesha nyumba ambayo mtu wetu hawezi kuingia. Kazi ni kupiga simu, kutembea mpaka hoteli, kuhesabu, kuuliza jirani. Sala itangulie hayo yote na kuyafuata. Lakini isiwekwe mahali pa kazi ambayo Bwana alituagiza tuifanye kwa miguu yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Yesu aliwaagiza mitume waulize, ingawa alikuwa amewapa mamlaka?
2. Katika makosa ya Mlawi, ni lipi linaonekana zaidi katika misafara yetu?
3. Parokia yetu ina nani Kinshasa wa kutuangalizia hoteli? Namba yake ya simu imeandikwa wapi?
4. Katika msafara unaokuja, ni nani aliye dhaifu kuliko wote? Tumemuuliza yeye?

Mungu Baba awatangulie wasafiri wote, awafikishe Nkamba, na kuwarudisha salama kwa watoto wao. Amina.